Propela ya Akiba

Kwenye pantoni ya Kigamboni, mama aliyeketi mbele yangu alipakata propela mpya kutoka Kariakoo. Fundi boti mmoja, bila kuulizwa (Bongo nani husubiri kuulizwa?), akaigeuzageuza. “Dada, hii ni ya mwendo, si ya mzigo. Boti ikijaa, mashine italemewa mpaka iungue.”

“Ya aina hii tuliijaribu Jumamosi, kaka. Boti iliruka!” “Na watu wangapi?” “Mume wangu peke yake.” Mama akaitazama ile propela. “Hii ni ya akiba. Nyingine kama hii iko kwenye boti. Ameondoka nayo alfajiri, na wavuvi tisa na barafu.”

Fundi akamrudishia propela taratibu. “Mpigie.”

“Hapatikani tangu saa nne.”

Pantoni ilipogonga gati tulishuka haraka, mimi wa kwanza. Yeye alibaki amekaa, anapiga tena.