Fungua Tuone Anakabidhi Funguo za Ghala

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mtunza ghala la silaha la kituo chetu cha wanyamapori anastaafu rasmi tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, na tunavyomjua, si dakika moja kabla. Sote tunamwita Fungua Tuone. Jina lake halisi liko ofisi ya utumishi kwa atakayelihitaji.

Alianzia kwenye dirisha la vibali vya uwindaji, mahali pazuri pa kupimia uvumilivu wa binadamu. Kanuni zetu, zilizotungwa na watu wenye akili nyingi ajabu, zinasema kibali cha kuwinda kanga kinatumika siku ileile kilipotolewa, na mwisho wa kuwinda ni saa tatu asubuhi. Dirisha linafunguliwa saa tatu asubuhi. Wawindaji walikuja juu wakitaka kujua kanga watamwinda lini. Aliwajibu kwa upole kwamba kanga wenyewe hawajawahi kulalamika. Kisha kuna ile ya mbwa, anayeruhusiwa kufuatana na mwindaji mradi asimsaidie. Mzee mmoja aliuliza mbwa wake atajuaje. Akashauriwa akae naye chini waelewane kabla ya kutoka nyumbani.

Alipohamia ghalani, mzaha uliishia mlangoni. Hakuna aliyepita bila kuelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga, kufungua bunduki na kumwonyesha kwamba haina kitu. Hata hapo aliingiza kidole chake mwenyewe ahakikishe. Tulimcheka, jamani! Tulisema hata mkewe, shemeji yetu, akiwa jikoni lazima amfunulie sufuria kwanza.

Ndipo akaja bosi mkubwa kutoka makao makuu, bunduki ya kifahari begani na haraka zake. Alisema haina kitu, yeye si mtoto, na akizuiwa zaidi kuna mtu atahamishwa. Mkuu wetu wa kituo, shujaa wetu, alikuwa akimkonyeza Fungua Tuone apishe. Hakupisha. Bosi akaibwaga bunduki mezani kwa hasira, mtutu umeelekea ukuta wa mbao, akapeleka kidole kwenye kifyatulio ili kutuonyesha. Fungua Tuone akamdaka mkono, akageuza mtutu kwenye pipa, akafungua. Risasi ikadondoka juu ya kiatu cha bosi.

Nyuma ya ukuta ule alikuwa ameketi mama anayetupikia chai, ameupa ukuta mgongo, akipanga vikombe.

Wakubwa walitafakari sana, wakaamua Fungua Tuone aombe radhi kwa kumvunjia mgeni heshima. Akaomba mbele yetu sote. Alisema anasikitika kwamba risasi imechafua kiatu. Cheo alichokuwa akikingoja hakikuja tena. Bosi alipandishwa, hongera zake.

Kaka, asante, na hapa hatutanii. Zawadi yako imefungwa vizuri, na tunajua utaielekeza kwenye pipa kabla ya kuifungua. Kapumzike na shemeji na wajukuu, uwe na afya na maisha mema. Ila usiondoke kwanza. Yule mama amekuja na birika lake tangu asubuhi, amekataa kusaidiwa, na kikombe chako anataka akumiminie mwenyewe.