Karani wa Swali la Kumi na Nne

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi, ninyi mlioko jikoni, mlioko kazini, na wewe uliyeegesha gari pembeni ili usikilize. Leo sauti yangu ni nzito kidogo. Mnivumilie. Juzi Jumamosi tumemzika mtu. Tumemzika karani.

Wengi wenu mlimjua kwa jina la utani, Bwana Kifungu. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alifariki Alhamisi iliyopita hospitalini, siku mbili baada ya kuanguka kwenye veranda ya mahakama. Alikuwa amekwenda kwa ajili ya kesi. Kesi haikuwa yake. Nalirudia hilo, kwa sababu nusu ya maisha yake ilikuwa hivyo. Kesi haikuwa yake.

Mimi nilimfahamu hapa hapa kituoni. Siku moja nilisema hewani kwamba mila zetu zinamnyima mjane nyumba. Saa nne asubuhi yuko mapokezi, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Akaniambia, "Mwanangu, usiseme mila zinasema. Sema kitabu kinasema. Mimi ndiye niliyekiandika."

Nikadhani ananitania. Nikamwagizia chai. Alipomaliza kunieleza, chai yangu ilikuwa imepoa na yake hakuigusa.

Sasa twende naye taratibu. Alipokuwa na miaka ishirini na saba, marehemu alikuwa karani wa ofisi ya wilaya. Mwandiko wake ulikuwa safi, na alijua kupiga taipu kwa vidole vyote kumi, jambo ambalo wenzake walikuja kulitazama kama mchezo. Wakati huo serikali ilitaka kuandika mila za watu wa kila eneo katika kitabu kimoja. Nia haikuwa mbaya. Mahakimu walikuwa wakitoka mbali, hawajui mila za wanaowahukumu. Huyu anaamua hivi, yule anaamua vile. Wakasema, tuandike, ili kila mtu ahukumiwe sawa.

Akaletwa mwanasheria kutoka makao makuu, na karani wetu akapewa kazi ya kumwandikia. Wakawaita wazee wa eneo hili, wanaume na wanawake, katika ukumbi wa ofisi. Mezani kulikuwa na fomu. Upande mmoja swali. Upande wa pili nafasi mbili tu: ndiyo, hapana.

Swali la kumi na nne liliuliza: je, mjane anarithi nyumba ya mumewe?

Wazee walibishana kuanzia asubuhi mpaka saa ya chakula. Mama mmoja akasema, "Inategemea. Kama alijenga naye, nani wa kumtoa? Kama ameingia jana, hilo ni jambo jingine. Sisi tunakaa, tunazungumza, tunamwangalia mtu." Wengine wakaitikia. Mzee mmoja akaongeza kuwa mara nyingi mama anaachwa kwenye nyumba yake mpaka mwisho wake.

Mwanasheria alikuwa amechoka. Alikuwa na maeneo kumi na moja ya kumaliza kwa miezi saba. Akamwambia karani, "Inategemea haiandikiki. Nyumba iko kwa jina la nani, la mume au la mke? La mume. Basi andika hapana."

Karani akaandika hapana.

Lakini alikuwa na tabia moja. Kila alichosikia kwenye vikao alikinakili pia kwenye madaftari yake mwenyewe, neno kwa neno. Ile "inategemea" ya yule mama aliiandika. Ile "mara nyingi" ya yule mzee aliiandika. Madaftari yakabaki kwake. Kitabu kikatoka makao makuu kikiwa na jalada gumu, na swali la kumi na nne likawa Kifungu cha Kumi na Nne: "Mjane harithi nyumba ya mumewe." Maneno matano. Kikasambazwa kwenye mahakama zote.

Wasikilizaji wapendwa, ikapita miaka kumi na minane.

Marehemu alikuwa na dada yake mkubwa, amemzidi miaka sita. Mama yao alifariki mapema, kwa hiyo huyu dada ndiye aliyemlea. Ni mshonaji. Mumewe alikuwa fundi bomba. Hao wawili walijenga nyumba yao kwa mikono yao, vyumba viwili kwanza, cha tatu baadaye. Dada alikoroga saruji. Mume akaweka mabomba mazuri kuliko ya nyumba yoyote mtaani, maana fundi ndiye mwenye nyumba. Watoto hawakujaliwa.

Mume akafariki. Hata matanga hayajasahaulika, shemeji zake wakaenda mahakamani na kitabu. Hakimu akafungua Kifungu cha Kumi na Nne, akasoma yale maneno matano, akampa dada siku kumi na nne za kuondoka.

Nilimtembelea dada huyu jana. Ana miaka sabini na saba na bado anashona. Alinisimulia siku ya kuhama. "Nilianza kushusha mapazia, nimeyashona mwenyewe. Shemeji akasema mapazia ni mali ya nyumba. Mtu wa mahakama akafungua kile kitabu, akatafuta kifungu cha mapazia. Akatafuta kweli, mwanangu. Hakipo. Nikamwambia shemeji, baki nayo, yana matundu."

Akaenda kuishi kwa mdogo wake, yaani kwa karani. Mdogo wake alikuwa ameshafiwa na mke, anaishi na binti yake mmoja. Siku tatu karani akawa hali chakula vizuri, anazunguka tu uani. Asubuhi ya nne, mezani, akamwambia. "Dada, kile kifungu ni mkono wangu."

Dada alimaliza kunywa chai yake, akaosha kikombe, akarudi kwenye cherehani.

Kwa miezi saba hakumsemesha. Miezi saba, nyumba moja, meza moja. Binti wa marehemu, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu, alikuwa katikati yao. "Shangazi alikuwa akiniambia, mwambie baba yako chakula tayari. Na baba amekaa pale, naweza kumgusa. Nami namwambia, baba, chakula tayari. Baba ananiambia, mwambie shangazi yako asante. Nilikuwa kama posta."

Mwezi wa saba dada akafungua mdomo. Akauliza, "Yale madaftari uliweka wapi?"

Yalikuwa kwenye sanduku la bati juu ya kabati. Karani akayashusha, akapangusa vumbi, akamsomea kikao chote cha swali la kumi na nne. Dada akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa umeyakalia ya nini?"

Jumatatu iliyofuata karani akaomba ruhusa kazini, akaenda mahakamani. Kesi ya dada yake ilikuwa imeshafungwa, muda wa rufaa umepita. Lakini kulikuwa na mjane mwingine siku hiyo. Akaomba kutoa ushahidi. Akaapa, akapanda kizimbani na madaftari kwapani.

Hakimu akamwuliza, "Wewe ndiye uliyeandika kitabu, na leo unakuja kukipinga?"

Akajibu, "Sikipingi, mheshimiwa. Namalizia sentensi."

"Miaka karibu ishirini baadaye?"

"Nimechelewa, mheshimiwa."

Ushahidi ukakataliwa. Yule mjane akashindwa. Karani akarudi nyumbani, dada akamwuliza hakimu amesema nini, akamweleza, na maisha yakaendelea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka ishirini. Miaka ishirini, wasikilizaji wapendwa. Kesi thelathini na nane. Alishindwa thelathini na moja. Kazini bosi wake alimwita, akamhamishia masjala, chumba cha chini kisicho na dirisha, kutunza majalada ya watu waliokwisha kufa. Hakulalamika. Alisema huko chini hakuna simu.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa serikali. Kilikuwa watu wake mwenyewe. Kizazi kilichokuja baada ya kitabu hakikuwahi kuwasikia wale wazee. Walikijua kitabu tu. Kwao kitabu ndiyo mila, na mila ndiyo wao. Siku moja kwenye korido ya mahakama, mwanamume mmoja wa makamo, mwenye tai, ambaye alikuwa anamtoa mjane wa baba yake mdogo kwenye nyumba, alimjia juu. Akamwambia, "Mzee, wewe unauza utamaduni wetu. Hujui mila. Kasome kitabu."

Binti yake alikuwepo. Anasema baba yake alivaa kofia, akasema, "Nitakisoma." Walipofika nje akakaa kwenye ngazi. Akamwambia binti yake, "Unaona? Niliandika neno moja, limezaa watu."

Nilimwuliza huyu binti kama nyumbani kulikuwa na kicheko. Akacheka. Anasema tangu alipoanza zile kesi, baba yake aliacha kabisa kujibu ndiyo au hapana. "Ukimwuliza, baba, chai ina sukari? Anasema, mara nyingi. Baba, umelala vizuri? Inategemea. Mchumba wangu alipokuja kujitambulisha, akamwuliza, mzee, umenikubali? Baba akasema, tukae, tuzungumze. Walikaa saa nne. Mwenzangu alitoka jasho, lakini hadi leo anasema hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo."

Miaka mitano iliyopita, marehemu akiwa na miaka sitini na sita, mjane mmoja alikata rufaa mpaka juu. Majaji watatu walimwita karani, wakayapokea madaftari kama kielelezo, wakasoma. Wakaamua kwamba mila ni jambo linaloishi kwa watu, na kitabu ni ushahidi mmoja tu wa mila hiyo. Wakasema mwanamke aliyejenga na mumewe hatolewi kwa maneno matano.

Mngedhani alisherehekea. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akalala mchana kutwa.

Siku chache baadaye dada yake alikwenda kupaangalia pale palipokuwa kwake. Shemeji walikuwa wameuza zamani, nyumba imebomolewa, panaegeshwa malori. "Nilitafuta jiko langu lilikuwa wapi," aliniambia. "Nikakuta tairi."

Na kazi haikwisha. Hukumu ilitoka, lakini mahakama nyingi ndogo hazikuletewa nakala. Vitabu vya zamani viko pale pale mezani, jalada gumu. Kwa hiyo yule mzee, mstaafu, magoti yanamsumbua, alianza kutoa nakala za hukumu na kuzipeleka mwenyewe. Mahakama hii, mahakama ile. Anamkabidhi karani wa hapo, anaomba saini, anaondoka. Wengine walizipokea. Wengine walimwambia aache pale, na akirudi mwezi ujao anaikuta nakala pale pale, imewekewa kikombe juu yake.

Jumanne ya wiki iliyopita alikwenda kwa ajili ya mama mmoja, mfagizi wa shule, ambaye wakwe zake wanamtoa kwenye nyumba aliyoishi miaka ishirini na sita. Walifika mapema. Saa tano wakaambiwa jalada halionekani, kesi imesogezwa wiki moja. Mzee akasimama ili aende kuuliza masjala. Anazijua masjala. Hakufika. Akaanguka pale pale verandani.

Jana nilimwuliza dada yake swali ambalo huenda halikunihusu. Nilimwuliza kama alimsamehe.

Alisimamisha cherehani. Akaniambia, na ameniruhusu niwaambie, "Kila mwaka alikuwa akiniuliza. Dada, bado? Namjibu, bado. Ukweli ni kwamba nilimsamehe usiku ule ule aliponisomea madaftari. Yeye alikuwa kijana, ameamriwa, ameandika. Lakini nilimwona usoni. Nikajua nikisema yamekwisha, atakaa nyumbani apumzike. Na wale wengine je? Nani angewaendea? Basi nikanyamaza. Miaka ishirini na tano nimemnyima mdogo wangu neno moja, ili atembee."

Nikamwuliza, hukumwambia hata mwisho?

"Nilimwambia hospitalini, Jumatano. Nilimshika mkono nikamwambia, ilikwisha zamani, mdogo wangu, ilikwisha siku nyingi. Macho yalikuwa yamefumba. Mwuguzi ananiambia wagonjwa wanasikia. Mimi sijui. Na mimi nimechoka, mwanangu."

Kisha akaendelea kushona.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tunaofanya kazi hapa, nampa pole dada wa marehemu. Nampa pole binti yake, mwalimu wetu wa hesabu, pamoja na mumewe na watoto. Nawapa pole makarani wa masjala zote, maana amekwenda mwenzenu. Mungu amlaze mahali pema.

Nami nina ombi moja dogo. Leo mkikaa mezani, mwulizeni mkubwa wa nyumba, nikifa mimi au ukifa wewe, nani anabaki humu ndani? Msikubali jibu la neno moja. Mwacheni aseme yote, na mmoja wenu aandike yote.

Kesi ya yule mama mfagizi inaitwa kesho, saa tatu asubuhi, chumba namba mbili. Jalada limepatikana. Dada wa marehemu ameniambia atakuwepo, na ameomba mtu wa kumshika mkono kwenye zile ngazi. Mahakama iko wazi kwa kila raia. Mabenchi ni magumu na kusubiri ni kurefu. Anayeweza kuja, aje akae naye.