Tanuri Lisilo na Moshi

CHECHE: Haloo? Baba?

KAKA: Haloo... nani mwenzangu?

CHECHE: We kaka, namba yangu huioni? Ni mimi, Cheche. Shikamoo.

KAKA: Marahaba, mdogo wangu. Mtandao unakatakata huku.

CHECHE: Mbona umeshika simu ya baba? Yeye hata chooni anaingia nayo.

KAKA: Ilikuwa kwenye chaji.

CHECHE: Haya, mpe upesi. Kimeiva, kaka! Chuma kimeiva bila makaa hata punje! Tumepuliza haidrojeni, na juu ya bomba umetoka mvuke mtupu. Maji! Nimeyakinga kwa mkono wangu.

KAKA: Hongera.

CHECHE: Hongera kavu hiyo ya nini? Mwambie udongo wenyewe ni ule mwekundu, tuliouchanganya ufanane na wa sayari ya Mirihi. Mtambo wa namna hii siku moja utapelekwa hukohuko. Najua atanicheka tena: "Nani kakutuma upeleke nondo mbinguni, mabati yenyewe hapa—

KAKA: —hapa yanavuja." Najua. Anapenda sana kuisema hiyo.

CHECHE: Kifua kinaendeleaje?

KAKA: Jana... jana kilimbana sana.

CHECHE: Moshi ule! Miaka yote akiyeyusha chuma pale tanurini ameuvuta yeye, tukala sisi. Unadhani huku kwenye majaribio nang'ang'ania nini? Mpe simu, asikie tanuri lisilonguruma. Kama kalala mwamshe, mimi hanigombezi—

KAKA: Cheche.

CHECHE: Naam?

KAKA: Umeshamimina?

CHECHE: Nini?

KAKA: Hicho chuma. Mmeshakimimina, au bado?

(Mtandao unakwaruza.)

CHECHE: Bado. Kinachemka mbele yangu hapa... Kwa nini unaniuliza hivyo?

KAKA: Nauliza tu.

CHECHE: Wewe muuza viatu, tangu lini ukauliza habari za kumimina? Hivyo huulizana mafundi. Siku mama alipofariki, msimamizi wa kiwanda alimuuliza baba vivyo hivyo, kisha akanyamaza mpaka chuma chote kikatoka. Aliye mbele ya moto haambiwi—

KAKA: Mimina kwanza, mdogo wangu. Nakuomba.

CHECHE: Nani kakufundisha?

KAKA: Baba mwenyewe. Alfajiri, sauti imeshakwisha. Alisema, "Cheche akipiga, muulize kwanza."

CHECHE: Alfajiri... mimi nilikuwa nawasha tanuri.

KAKA: Una watu hapo?

CHECHE: Wenzangu wote. Wananitazama. Wanadhani nalia kwa furaha.

KAKA: Waache wadhani. Macho yako yaweke kwenye moto, sikia? Usije ukaungua, nikawa na wawili— Usiungue tu.

CHECHE: Hakusikia, kaka. Nilitaka asikie, hata mara moja.

KAKA: Bado yuko chumbani. Majirani wako nje, wanasubiri. Nimekaa naye kitandani hapa.

CHECHE: Salio langu linakwisha.

KAKA: Basi usilimalizie kwangu. Naiweka simu sikioni kwake. We mimina.

CHECHE: Umeiweka?... Kaka?... Haya. Jamani, inamisheni tanuri. Polepole, polepole... Shikamoo, baba.

(Tanuri linainama.)

CHECHE: Ndicho hicho kinashuka. Unasikia? Hakingurumi. Hakuna moshi, baba, hakuna mtu anayekohoa hapa, hakuna—

(Simu imekatika.)