Shangazi wa Daftari la Miaka Mitano

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, muuguzi tunayemwita sote Shangazi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alianzia chumba cha upasuaji, akapitia wodi, na miaka kumi na tisa ya mwisho amekaa kwenye kile chumba kidogo kando ya stoo ya mashuka, akishika daftari la wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya umio, mfuko wa chakula na utumbo mpana.

Kazi yake ilikuwa kuwapigia simu kila mwaka, kwa miaka mitano, kujua nani yupo na nani hayupo. Alipiga saa nne asubuhi, watu wakishakunywa chai, maana alisema swali kama lile haliulizwi mtu mwenye njaa. Kwa kweli hakuuliza. Alisalimia, akangoja. Akijibiwa na mke au mtoto badala ya mwenye simu, alikaa vizuri kitini na kusikiliza mpaka mwisho, hata foleni mlangoni ikinung'unika. Fundi viatu mmoja alizoea kumjibu, "Bado nipo, usinifute." Mwaka wa nne alipokea binti yake.

Katika wagonjwa 412 ambao miaka yao mitano imeshatimia, waliofika wakiwa hai ni 97. Daftari hilo ndilo lililotuonyesha kwamba wengi walishachelewa kabla hata ya kutufikia, wakimeza dawa za kiungulia au wakiona haya kusema wanatokwa damu chooni. Shangazi alipigania kliniki ya Alhamisi ya kuwapima watu mapema, na akaipata, baada ya kuwasumbua wakubwa mpaka wakachoka wao.

Lakini mganga hajigangi. Mwaka juzi alianza kutafuna vidonge vya kiungulia mezani kwake, na kwa miezi minane tukamtania kwamba anatunyima peremende. Sisi, wodi ya saratani. Mwaka jana, tarehe 14 Machi, daktari wetu alimwondolea sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Ugonjwa ulikuwa umeshagusa tezi, yaani umeanza kusambaa. Mzaha ule sijausamehe, na wangu ndio uliokuwa wa kwanza.

Wiki iliyopita alinikabidhi daftari. Jina lake limo, namba 588, kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Mwaka wa kwanza amejijazia mwenyewe: yupo. Minne iliyobaki ni ya kwangu. Nilitaka kumwomba mwingine aushike ukurasa huo, akanikatiza.

"Mwanangu, usinionee haya. Piga kama unavyowapigia wengine."

Asante, Shangazi, kwa kila simu uliyoikalia mpaka mwisho. Tunakutakia mapumziko marefu, na mlo wa kidogo kidogo usiokuudhi. Tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, ukishakunywa chai, nitapiga.

Tafadhali, upokee mwenyewe.