Mwalimu Aliyefungua Kurasa Mbili kwa Pamoja

Baada ya miaka thelathini na miwili darasani, tisa Oltepesi na iliyobaki hapa kwetu Kitengela, Bi. Evalyne Wakhungu anastaafu tarehe 31 Agosti. Wengi mnamjua kwa kufika shuleni kabla ya bawabu. Mimi namjua kwa aibu aliyonitia, na hadi leo namshukuru.

Seleyian alikuwa mwanafunzi wangu Gredi ya Nne. Ukimpa kitabu cha hadithi alikisoma bila kusita, nami nikijisifu kwa kazi nzuri. Siku moja Bi. Wakhungu alipita, akasikiliza kidogo, akamfungulia kurasa mbili kwa pamoja. Msichana akaendelea na ukurasa uliorukwa, ambao haukuwa mbele yake. Kumbe alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kusikiliza wenzake!

Kikao cha walimu kikaonelea arudishwe Gredi ya Pili, na wa kwanza kuinua mkono nilikuwa mimi. Seleyian, mrefu kuliko wote darasani, alisema heri aache shule. Bi. Wakhungu akatuomba muhula mmoja tu.

Kila siku saa nne asubuhi, sisi tukinywa chai, yeye na Seleyian walikuwa stoo ya vitabu. Alikata kadi kutoka maboksi ya sabuni, akaandika maneno yanayojirudia kila mahali: na, kwa, hii, lakini, sana. Hayo ni ya kutambua papo hapo. Maneno marefu aliyafunika kwa kidole gumba, akayafunua silabi moja moja. Picha nazo alizifunika, maana Seleyian alikuwa bingwa wa kubahatisha. Akikosea, Bi. Wakhungu alinyamaza mpaka ajirekebishe mwenyewe. Uvumilivu huo mimi sina, nakiri.

Muhula ulipoisha, alimleta Seleyian kikaoni, akaomba karatasi yoyote ambayo msichana hajawahi kuiona. Mwalimu mkuu akaokota moja mezani. Lo, ilikuwa barua niliyokwisha kumwandikia baba yake tangu Januari, bado haijatumwa! Seleyian akaisoma polepole, silabi kwa silabi: mtoto wako hawezi kusoma, arudishwe Gredi ya Pili. Akainua macho, akauliza kama aliyeandikwa ni yeye.

"Huyo ni Seleyian wa Januari," Bi. Wakhungu akamjibu.

Niliichana barua pale pale, machozi yakinitoka mbele ya walimu wote.

Asante, Mwalimu, kwa niaba ya wote uliowafundisha kusoma, na kwa niaba yetu tuliokaribia kuwakatia tamaa. Nenda upumzike salama, na Mungu akupe afya na miaka mingi.

Allan Koinet, Mwalimu wa Gredi ya Nne