Nyanya Nisizozichoma

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, nje ya kibanda changu cha kunyolea, na mama wa kahawa akishatua birika lake pale, tunaanza kurekebisha dunia. Wa kudumu tuko watatu. Kuna Profesa, mlinzi wa duka la misumari, anayesoma magazeti ya kufungia bidhaa. Kuna Breki, fundi baiskeli. Halafu mimi, kinyozi, ambaye mtaa mzima huniita Daktari kwa sababu ya nyanya zangu za uani. Asubuhi hiyo habari ilikuwa moja: jirani yangu mshonaji amepoteza miche arobaini ya nyanya kwa siku nne.

— Ni ule mnara wa simu, Profesa akasema. Unapika majani kimyakimya.

— Mnara una miaka sita, Breki akamjibu. Miaka yote hiyo ulikuwa unawasha moto?

— Haba na haba hujaza kibaba, ndugu yangu.

— Mimi naona ni cherehani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye kazi yake nini? Si nguo? Vumbi la vitambaa linaziba pumzi ya nyanya.

Mama wa kahawa akacheka mpaka akamwaga kahawa. Mimi nikainamia kikombe. Hiyo methali Breki aliitumia ovyo, lakini ilinipata penyewe.

Niseme tu. Ukungu ulianza kwangu, wiki tatu nyuma. Madoa meusi kwenye majani, utando mweupe chini yake asubuhi, kisha tunda linaota baka la kahawia na kuoza. Dawa yake nimeihubiri mtaa mzima: ng'oa mche mgonjwa, choma au fukia kwenye shimo refu, siku hiyohiyo. Nikang'oa yote. Lakini moto una moshi, na moshi huita watu. "Daktari, unachoma nini?" Ningejibu nini mimi? Nikairundika kwenye ukuta wa matofali ya matundu unaonitenganisha na mshonaji, nikatupia gunia. Mvua ikapiga siku tatu, na upepo ukielekea kwake. Mjinga mkubwa mimi.

— Daktari, mbona kimya? Profesa akauliza. Toa hukumu.

— Ni mvua, nikasema.

— Mvua inanyesha kwa wote. Zako si nzima?

Nikanywa kahawa iliyokwisha.

— Basi ni mbalamwezi, Breki akaendelea. Nyanya ikitazamwa na mwezi mpevu inaona aibu, inajikunja, inakufa.

— Aibu haiui.

— Nani kakwambia?

Hapo mshonaji mwenyewe akafika, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Akatusalimia wote, akakataa kikombe, akasimama mbele yangu.

— Kaka, nimekuja kukuomba radhi.

— Radhi ya nini, dada?

— Nyanya zangu zina ugonjwa, na sisi ukuta ni mmoja. Nimezichoma jana zote, kama ulivyotufundisha, lakini nimechelewa siku nne. Nilikuwa naona haya kukwambia, wewe uliyenipa mbegu. Usiku sikulala, najiambia nimemuulia Daktari shamba lake.

Mama wa kahawa aliacha kumimina.

— Kesho mdogo wangu ananiletea miche mipya, akasema. Ila siipandi mpaka nijue sijakudhuru. Zako zikoje?

Swali dogo hilo. Profesa akamtazama Breki, Breki akanitazama mimi, na ndipo wote wawili walipogundua kwamba hawajakanyaga uani kwangu mwezi mzima. Ningeweza kusema nzima. Angefurahi, angerudi kwake, angepanda.

— Sina nyanya, dada. Zilikufa kabla ya zako. Sikuzichoma, nilizificha ukutani kwako.

Nilitamani anitukane. Aliivua ile futi shingoni, akaanza kuikunja taratibu, akaikunjua, akaikunja tena.

— Na mimi ndiye niliyekuja kuomba radhi, akasema mwishowe, akaondoka.

Breki akasogea mwisho wa benchi, akaniachia ubao wote.