Firigisi ya Baba Wendy

Samahani mapema: kisa hiki nitakisimulia vibaya. Kilihitaji sauti ya Phanuel, na siku hiyo Phanuel mwenyewe hakuwa nayo. Si jambo dogo, maana huyu ndiye Spika, mshereheshaji wa harusi kutoka Kakamega mjini hadi Ekero, mtu wa kumwita bibi harusi bila maikrofoni na ajibiwe na bibi harusi wa kanisa la jirani. Asubuhi hiyo aliketi kimya kwenye benchi la Umar, muuza kahawa kutoka Mumias, kikombe kikapoa mkononi. Binti yake Wendy na bendi yake ya panki, Kuku Wehu, walikuwa wametoa albamu yao ya kwanza. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, na baba alikuwa amewekewa kiti cha mbele. Shida ni wimbo wa kwanza: gitaa linalia kama bati linaloburutwa kwenye lami, na Wendy anapiga yowe, “Firigisi ni ya nani? Ya Baba! Na shingo? Ya Baba akishiba!”

— Siendi, Phanuel alitangaza. Mtoto nimlee mimi, halafu anitukane na gitaa?

— Pole, Spika, alisema Umar. Lakini firigisi si wewe huikulanga?

— Naikulanga! Baba yangu aliikula, babu yangu aliikula. Mwenye boma akinyimwa firigisi, hiyo ni ingokho, kuku wetu wa Kiluhya, ama ni njiwa?

Nehemiah, mwalimu mstaafu waliyembandika jina Manifesto kwa sababu kwake kila kitu ni siasa, alisogea karibu.

— Nyinyi hamsikii vizuri. Kuku hapo ni kaunti. Firigisi ni bajeti. Wendy anawaambia wakubwa, si wewe.

Phanuel akajikuta anaomba iwe kweli. Afadhali binti awe mchochezi kuliko baba awe mlafi.

— Wapi! Umar alipinga. Kazi ya firigisi ni kusaga mawe. Mtoto anasema dunia ni ngumu, na baba ndiye anayeisaga. Hiyo ni sifa, wallahi.

— Na shingo je? Phanuel aliuliza.

— Shingo ni... subira.

— Subira gani na mayowe yale? Manifesto alidakia. Kuna watu huko nje wanataka tuache kuku wa kienyeji. Wanaanza na muziki, pole pole. Mwakani mtauziwa firigisi ya plastiki, mtakuwa mnaichaji usiku!

Walicheka, hata Phanuel. Christine, fundi cherehani aliyehamia kibanda cha pili juzi tu, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake.

— Samahani, Baba Wendy. Kwani Wendy mwenyewe hukulanga kipande gani?

Phanuel akaitafuta meza ya nyumbani kichwani. Sahani yake aliiona vizuri: firigisi, paja, kilima cha obusuma, ule ugali wetu. Alipojaribu kuhamisha macho hadi sahani ya pili, hapakuwa na kitu. Hakuwahi kuitazama. Alimgeukia Umar amsaidie. Umar akaanza kupangusa birika lililokuwa safi. Manifesto, baba wa wasichana watatu, alikuwa anakagua viatu vyake.

Phanuel akapiga simu.

— Wendy, ukila kuku, unakulanga kipande gani?

Ngoma zilizokuwa zikipigwa upande wa pili zilinyamaza.

— Baba, mimi sikulangi kuku. Tangu kidato cha pili.

— Na hizo Krismasi zote?

— Nilikula sukuma wiki. Nimekaa hapo hapo kando yako.

— Mbona hukusema?

— Nilisema, Baba. Ulikuwa unatafuna. Ndio nikatafuta gitaa.

Phanuel aliishusha simu taratibu.

— Amekutukana tena? Manifesto aliuliza.

— Hata kidogo. Jumamosi naenda, na nakaa mbele. Huyu mtoto amenihurumia, bana. Huo wimbo ningeutunga mimi, ningetaja jina langu pamoja na nambari ya kitambulisho.